Sanduku la Babu

Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya alasiri, alitujia barazani mama mmoja wa mtaani petu akifuatana na mwanawe wa miaka 13 na binti yake wa miaka 10. Mvulana alikuwa amekumbatia sanduku la mbao lililofungwa kwa kamba ya kumbi, zito kiasi cha kumpindisha kiuno. Baada ya salamu na kuulizana hali, mama alieleza kilichomleta. Baba yake, ambaye ni babu wa watoto hawa, alikuwa fundi wa majahazi. Alifariki miaka minane iliyopita, na tangu siku hiyo sanduku lake la zana lilikaa mvunguni bila kuguswa. Sasa shule zimefungwa, na mtoto ameshikilia kwamba likizo hii ataunda jahazi la mfano, la mbao, lenye tanga na usukani. Dukani ameona seti ya zana iliyopangwa vizuri ndani ya mkoba, vipande 24, inang'aa. Mama ana shilingi 3,000 alizozipata kwa kushona mabuibui.

"Maalim," alisema, "naogopa mambo mawili. Naogopa pesa zangu zipotee, na naogopa kidole cha mwanangu kipotee. Nimnunulie hiyo seti, au atumie hizi za marehemu babu yake?"

Wasomaji wanaotujua kwa darsa zetu pengine watashangaa kwamba swali hili lililetwa kwetu. Ukweli ni kwamba tulikulia karibu na mahali palipoundwa vyombo, na ingawa kalamu ndiyo tuliyokabidhiwa, mikono yetu haikusahau harufu ya mbao mbichi. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiunda vyombo vya mfano baada ya masomo ya chuoni. Vinne viko kwenye rafu ya sebuleni, na vingine vimeondoka na wageni. Tumepoteza fedha kwa kununua zana mbaya, na mkono wetu wa kushoto una kovu. Kwa hiyo hofu zote mbili za mama huyu tunazifahamu.

Kabla ya kuifungua kamba tulimwuliza: sanduku hili ni la nani? Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "La baba." Marehemu hana tena mali. Alimfuata mkewe kaburini, akaacha wana wawili wa kiume na binti mmoja, ambaye ndiye mama huyu. Basi kila kilichomo ndani kina mafungu matano: mawili ya kaka mmoja, mawili ya kaka wa pili, na moja la dada yao. Tezo ya shilingi chache na shamba la minazi, hukumu yake ni moja. Watu wengi hugawa nyumba na mashamba kwa uangalifu mkubwa, kisha vyombo vidogo vidogo huchukuliwa na aliye karibu, na kinyongo huanzia hapo. Tulimwomba awapigie kaka zake simu palepale. Mkubwa, aliye Mombasa, alicheka na kusema mtoto achukue vyote. Mdogo, aliye Malindi, naye aliridhia, ila aliomba awekewe tezo, kwa kuwa ndiyo picha ya baba yake iliyomo kichwani mwake: mzee amesimama juu ya gogo, tezo inapita kati ya miguu yake. Tukaifungua kamba.

Ndani mlikuwa na hiyo tezo, msumeno mkubwa, patasi tatu za upana tofauti, randa ndogo ya kushikwa kwa mkono mmoja, nyundo, keekee pamoja na uta wake, chembeu ya kutilia kalafati, bikari ya chuma, tupa moja, na jiwe la kunolea lililolika katikati mpaka likawa kama kiganja. Kutu ilikuwa imetanda kila mahali. Mvulana alisononeka, na macho yake yalionyesha wazi kwamba moyo wake ulikuwa kwenye ule mkoba wa dukani.

Tulimwuliza: unataka kuunda chombo gani? Akajibu, "Jahazi." Sawa, jahazi la namna gani, na la ukubwa gani? Hilo hakuwa amelifikiria. Hapa ndipo wengi hukosea, watoto kwa watu wazima. Hununua zana kwanza, kisha huanza kutafuta kazi ya kuzipa, ilhali chombo unachotaka kuunda ndicho kinachoamua zana.

Ukitaka kuchonga mtumbwi au ngalawa kutoka katika kipande kimoja cha mti, kazi yako kubwa ni kutoa mbao ya ndani. Utahitaji patasi yenye ncha ya mviringo, kisu kizuri na msasa, pamoja na mti laini kama msufi. Ukitaka jahazi la mbao zilizopangwa juu ya mataruma, kazi yako ni kukata vipande vyembamba, kuvipinda na kuvishikanisha. Hapo unahitaji msumeno wa meno madogo, kisu, randa, na vibanio vingi kuliko unavyodhani. Na ukitaka mtepe, chombo cha wazee wetu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za kumbi badala ya kupigwa misumari, na tanga lake lilikuwa la mkeka, basi kazi yako ni matundu, mamia ya matundu. Zana yako kuu itakuwa ya kutobolea, pamoja na sindano. Vyombo vitatu, na kila kimoja kina sanduku lake.

Mvulana alichagua jahazi. Tukafanya hesabu pamoja. Jahazi la urefu wa mita 15, likipunguzwa mara 25, huwa sentimita 60. Ubao wake wa unene wa sentimita 5 huwa milimita 2. Mlingoti wenye unene wa sentimita 25 huwa sentimita 1. Alipoona namba hizo alielewa mwenyewe kwa nini tezo ya babu haitamfaa: zana hiyo, kwa pigo moja, hutoa banzi nene kuliko ubao wake wote. Kwa hiyo tezo ikafungwa kwenye kitambaa kwa ajili ya mjomba wa Malindi, na hakuna aliyepungukiwa. Msumeno mkubwa nao ukawekwa kando, kwani meno yake yangelirarua kila kipande chembamba. Chembeu haikuwa na kazi, maana chombo cha mfano hakitiwi pamba wala mafuta. Keekee tuliipenda sana, na mvulana aliizungusha kwa uta mpaka mama yake akamkataza. Lakini ncha yake ni nene mno kwa kazi hii. Zilizobaki zilifaa: patasi mbili nyembamba, randa, nyundo kwa ajili ya kugonga patasi polepole, bikari na tupa.

Kutu si kifo cha chuma. Patasi na kile kisu cha ndani ya randa tulivilaza katika siki usiku kucha, asubuhi tukavisugua kwa brashi ya waya, tukaviosha, tukavikausha vizuri juani na kuvipaka mafuta ya cherehani ya mama. Chuma kilitoka cheusicheusi, chenye vishimo, lakini kizima. Kinachotazamwa ni upande wa nyuma karibu na ncha. Vishimo vikifika pale penye makali, lazima usage mpaka uvipite, la sivyo makali yatakuwa na mapengo.

Tuseme sasa habari ya kunoa, kwa sababu ndiyo kiini cha hofu ya pili ya mama huyu. Kovu letu halikutokana na kisu kikali. Lilitokana na patasi butu. Zana butu haiingii kwenye mbao, nawe huisukuma kwa nguvu. Unapoisukuma kwa nguvu huteleza, na inapoteleza hukutana na mkono ulioshikilia mbao. Zana kali huenda kwa nguvu kidogo, husikiliza mkono, na husimama unapotaka isimame. Mzazi anayempa mtoto kisu butu "ili asijikate" amemweka hatarini zaidi. Lakini kwa sababu zana kali ikikosea hukata sana, lazima kanuni ifundishwe kabla ya zana: mkono wa pili ukae nyuma ya makali siku zote, kamwe usikae mbele yake, na mbao ishikwe na jiriwa au ibanwe kwenye meza, isishikwe magotini.

Jiwe la marehemu lilikuwa limelika katikati, na jiwe lenye bonde hutoa patasi yenye ncha ya duara. Tungeweza kulisawazisha, lakini tulichagua njia rahisi zaidi. Kipande cha kioo kinene, ambacho fundi wa madirisha alitupa bure katika mabaki yake, tulikibandikia msasa wa kutumia na maji: upande mmoja namba 400, upande wa pili namba 1000. Hilo ni jiwe bapa kwa gharama ndogo sana. Kwanza husagwa mgongo wa patasi mpaka ung'ae. Kisha ule upande wa mshazari huwekwa kwenye msasa kwa pembe ya nyuzi 25 hivi, nayo patasi hupelekwa mbele na nyuma bila kutikisika. Ukipapasa mgongoni taratibu utahisi kiuzi cha chuma kimejikunja kwenye ncha. Hiyo ndiyo dalili kwamba umefika. Kiuzi hicho huondolewa kwa kugeuza patasi na kuisugua kidogo mgongoni, kisha kwa kuivuta juu ya mkanda wa ngozi. Makali hayajaribiwi kwa kidole gumba, kama tuonavyo watu wakifanya. Jaribu kwenye karatasi, au kwenye kichwa cha kipande cha mbao laini, pale nyuzi zinapoishia: patasi kali huacha pale pamelainika, na butu huacha pamechakaa.

Jambo moja la kutahadhari. Miaka kadhaa iliyopita tulimpelekea mtu mwenye mashine ya kusaga patasi yetu nzuri ili atunolee haraka. Cheche ziliruka kweli, nasi tukafurahi kama watoto, lakini aliporudisha patasi ncha yake ilikuwa imegeuka rangi ya samawati. Rangi hiyo ina maana chuma kilipata joto mpaka kikapoteza ugumu wake. Kutoka siku hiyo makali yake hayakudumu hata kwa ubao mmoja. Ikiwa lazima mashine itumike, chuma kichovywe kwenye maji kila baada ya muda mfupi, kabla hakijashindwa kushikika kwa mkono.

Siku ya pili tulikwenda mjini pamoja na mvulana, na shilingi 3,000 za mama zikiwa mfukoni mwetu kama amana. Kwanza tuliuomba ule mkoba wa vipande 24. Muuza duka alikuwa mwungwana, akaturuhusu kuushika. Tulichukua tupa ndogo tuliyokuja nayo na kuipitisha kwa wepesi kwenye ubavu wa patasi moja, karibu na ncha. Chuma kigumu huifanya tupa iteleze. Hapa tupa iliuma na kuacha alama mara moja. Tulihesabu vipande ambavyo mvulana angevitumia kwa jahazi lake: vitano. Vingine 19 vingekaa kung'aa tu. Mvulana mwenyewe ndiye aliyeurudisha mkoba kwenye rafu, ingawa aliurudisha polepole.

Tulinunua msumeno mdogo wa uzi, ule wenye fremu ya upinde na ukanda mwembamba unaobadilishwa, kwa sababu ndio unaoweza kufuata mzingo wa taruma. Pakiti moja ya kanda zake, kwani mwanzoni hukatika sana. Kisu chembamba chenye makali ya kubadilisha. Kishikio kidogo cha biti kinachozungushwa kwa vidole, pamoja na biti za milimita 1 na milimita 2. Karatasi za msasa namba 120, 240 na 400. Gundi nyeupe ya mbao. Rula ya chuma, na kipimapembe kidogo. Hiki cha mwisho hakichukuliwi kwa kutazamwa tu. Kiegemeze kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, piga mstari, kisha kigeuze upande wa pili na upige mstari mwingine kutoka nukta ileile. Mistari ikilaliana, kipimo ni sahihi, ikiachana, kimepinda. Cha kwanza kilipinda, cha pili pia, cha tatu tukakichukua. Muuza duka alituuliza kama tunajenga msikiti.

Mashine ndogo ya umeme ya kutobolea na kusugua hatukuinunua, na hatumshauri mzazi yeyote kumnunulia anayeanza. Si haramu wala si mbaya. Ila kwenye ubao wa milimita 2 mashine huharibu kwa nukta moja kazi ya alasiri nzima, na vumbi lake jembamba huingia kifuani. Vumbi la mvule hasa huwasha macho na pua. Ndiyo sababu tuliwachagulia watoto hawa mbao ya saiprasi, nyeupe, laini, yenye nyuzi zilizonyooka, na mataruma tukayakata kwenye plaiwudi. Mafundi wakubwa hutafuta matawi yaliyopinda yenyewe ili nyuzi za mti zifuate mzingo wa taruma. Katika umbo dogo, plaiwudi hutupa nguvu hiyo kwa kuwa tabaka zake zimepishana.

Zana nyingine zilitoka jikoni na kamba ya nguo. Vibanio vya nguo vya mbao, dazeni mbili, vilishikilia mbao huku gundi ikikauka. Mama alilalamika kwamba nguo zake zinapeperuka, na alikuwa na haki. Mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, ukikatwa pete nyembamba, hukaza chombo kizima kuanzia omo hadi tezi. Sufuria ya maji ya moto hulainisha ubao mpaka ukubali kupinda. Vijiti vya kuchokolea meno huwa misumari ya mbao: tundu la milimita 2, tone la gundi, kijiti, kisha hukatwa na kusuguliwa. Taa ya mezani na miwani ya macho, hata ya bei rahisi, visikosekane, kwa sababu ukanda wa msumeno wa uzi ukikatika huruka.

Tulimrudishia mama chenji yake. Haikuwa kubwa, lakini aliihesabu mara mbili na kuifunga kwenye pindo la leso.

Tulichojifunza sisi kutoka nyumba ile hatukukitarajia. Mvulana ana haraka. Kisu kikimkatalia hukisukuma, na kanda sita za msumeno zilikatika katika siku mbili za kwanza. Dada yake, ambaye kazi yake ilisemekana ni kushona tanga tu, alikaa pembeni akitazama kunoa. Siku ya tatu alichukua patasi ya babu yake, akaiweka kwenye kioo, na mkono wake haukutikisika hata kidogo. Sasa yeye ndiye mnoaji. Kaka yake hukata, humpelekea, humsubiri, na katika kusubiri huko amepunguza haraka. Matundu ya milimita 1 ya kupitishia kamba za tanga ni yeye anayeyatoboa, kwa kishikio kile cha vidole, akihesabu mizunguko kwa sauti ndogo.

Hadi tunapoandika, mkuku umesimama, hanamu ya mbele imefungwa, mataruma kumi na moja yako mahali pake, na mbao nne zimepanda upande wa kulia dhidi ya tatu upande wa kushoto. Ubao wa nne wa kushoto ulipasuka ukipindwa, kwa kuwa haukukaa katika maji ya moto vya kutosha. Mjomba wa Malindi alifika Ijumaa kuchukua tezo yake. Aliinua jahazi, akafumba jicho moja na kulitazama kutoka tezi hadi omo, kama alivyokuwa akifanya marehemu, kisha akasema limepinda kidogo kuelekea kulia. Binti alileta rula ya chuma. Limepinda milimita 3. Ubao mmoja utang'olewa.